Wanafunzi wanashirikiana au wanagawana kazi tu?

Mojawapo ya malalamiko yanayosikika mno siku hizi katika vyumba vya walimu, tangu shule za upili hadi vyuo vikuu, ni kwamba wanafunzi wameacha kusoma na badala yake wanatumiana majibu kwa simu. Mwalimu atakwambia kuwa amesahihisha insha arubaini, akakuta aya moja imejirudia katika nusu yake, na makosa yale yale ya tahajia yamesafiri pamoja nayo bila kuachwa hata moja. Upande wa pili wamesimama wapenzi wa teknolojia, ambao kwao kila chombo kipya ni ukombozi na kila mwalimu anayesita ni mabaki ya enzi za chaki. Pande hizi mbili zimekuwa zikirushiana maneno kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu zote mbili zinalikwepa swali lenyewe. Wanafunzi wanne au watano wanapoingia katika waraka mmoja mtandaoni, kila mmoja akiwa chumbani kwake, ni jambo gani hasa wanalolifanya pamoja?

Ninaandika haya nikiwa Kaloleni, na ieleweke kuwa nasema Kaloleni ya Voi, si ile ya Kilifi wala ule mtaa wa Nairobi. Hapa, vyuo vinapofungwa, vijana hurejea makwao kutoka Nairobi, Mombasa, Eldoret na kwingineko wakiwa na kazi za vikundi ambazo hazikufungwa pamoja na chuo. Zamani mwanafunzi aliporudi likizo alirudi na vitabu vyake na upweke wake. Leo anarudi na kikundi kizima ndani ya simu. Mmoja yuko Voi, wa pili Kakamega, wa tatu Lamu, na kazi moja inaandikwa na wote watatu usiku ule ule. Hili ni badiliko kubwa, na asiyeuona ukubwa wake hajapata kungoja barua ya posta wiki mbili ili ajue mwenzake ameandika nini.

Asili yake ya karibu iko Mombasa, takriban kilomita 150 kutoka hapa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu, na Kenya ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti katika mawasiliano ya intaneti. Hata hivyo, kinachomfikia mwanafunzi si waya. Kinachomfikia ni bando, tena aghalabu bando la saa moja. Wataalamu wanaozisifu zana hizi katika makongamano hulisahau bando la saa moja, ilhali ndilo linaloamua namna kikundi kinavyofanya kazi. Vijana hupatana wote wanunue saa tatu usiku. Saa tatu ikifika kila mmoja anaingia, anamwaga alichokiandika, anasoma juu juu alichokimwaga mwenzake, na kabla ya saa nne waraka hauna mtu. Ambaye simu yake iliishiwa na chaji jioni ile hukuta kesho yake kazi imekwisha na jina lake limetiwa kwa hisani. Nani atamlaumu? Na nani ataamini kwamba amejifunza?

Zana zenyewe si ngeni kama tunavyodhani. Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alianzisha tovuti ambayo msomaji yeyote aliweza kuuhariri ukurasa aliokuwa akiusoma, akaipa jina la Kihawaii, wiki, lenye maana ya haraka. (Sisi wanaisimu hufurahi tunapoona lugha ya visiwa vidogo ikiupa ulimwengu neno, Kiswahili nacho kiliutolea safari.) Wikipedia ilifuata mwaka 2001, kisha mwaka 2006 ikaja Google Docs, ambamo watu kadhaa huandika waraka mmoja kwa wakati mmoja. Tofauti ya waraka wa namna hii na kundi la WhatsApp yafaa ishikwe vyema na walimu. Katika WhatsApp maneno hufuatana kama watu kwenye foleni: kosa liko juu, sahihisho liko chini, na baina yake kuna salamu, picha na mzaha. Katika waraka, sahihisho huingia mahali pale pale palipokuwa na kosa, na kosa lenyewe halipotei, bali huhifadhiwa katika historia ya mabadiliko, pamoja na jina la aliyelifuta na saa aliyolifuta.

Laiti walimu wetu wangeifungua historia hiyo angaa mara moja kwa muhula! Wengi hawajui kuwa ipo. Wanapokea karatasi iliyopigwa chapa vizuri kwenye saiba ya mjini, wanaitia alama, basi.

Mwendo huu ulipewa kasi na korona. Machi 15, 2020, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na vyuo. Madarasa machache yalirudi Oktoba 12 mwaka huo, na waliosalia Januari 4, 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeperusha vipindi vya masomo redioni na kwenye runinga, jambo lililomfaa asiye na simu, lakini redio haiulizwi swali ikajibu. Vyuo vikuu navyo vilihamia mtandaoni kwa viwango tofauti, na mihadhara mingi ya siku zile haikuwa na tofauti na redio, isipokuwa ilikula bando. Hapo ndipo vikundi vya wanafunzi vilipoota mizizi. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa wakieleweshana yale waliyoyapata nusunusu mhadhara ulipokatika, na walipofunguliwa mazoea yakabaki.

Hebu sasa tutazame mazoea hayo yalivyo, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mhadhiri anatoa maswali matano kwa kikundi cha watu watano. Katika dakika ya kwanza, kabla hata maswali hayajasomwa, mmoja anapendekeza kila mtu achukue lake. Pendekezo linapita bila upinzani. Kila mmoja anakwenda kivyake, anaandika jibu lake, anarudi kulibandika. Wa tano, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye tarakilishi, analinganisha ukubwa wa herufi na kuweka majina. Kazi imekamilika, tena ni safi kuitazama. Lakini mitihani inapokuja unakuta kila mmoja anajua swali moja tu, na yale manne mengine hayajui zaidi ya mtu aliyesoma kichwa cha habari. Huku si kushirikiana. Ni mgawanyo wa kazi wa kiwandani, ambapo anayetengeneza gurudumu hana haja ya kujua usukani unavyokaa. Kiwandani hilo ni sawa, kwa sababu kinachotakiwa ni gari. Darasani kinachotakiwa ni mtu, na yale maswali matano yalitolewa ili yamjenge.

Haki inadai tuseme kwamba zana hazikuuanzisha mtindo huu. Kazi za vikundi za karatasi ziligawanywa vivyo hivyo, na wavivu walikuwapo tangu hapo. Ila zana zimeufanya mgawanyo uwe rahisi mno, kiasi kwamba kikundi chaweza kumaliza kazi bila hata wawili kati yao kuzungumza. Zamani angalau mlilazimika kukutana chini ya mti kuziunganisha karatasi, na mkikutana mtu hakosi kuuliza jambo.

Walakini zana hizo hizo zaweza kuzaa kitu tofauti kabisa, na mfano ninao. Katika somo la sarufi niliwapa wanafunzi wangu swali moja tu kwa kila kikundi cha wanne, na swali hilo halikugawanyika. Niliwaomba waeleze kwa nini tunasema rafiki yangu na si rafiki wangu, ilhali rafiki yuko katika ngeli ya A-WA pamoja na mtu na mwalimu. Nilitaka maelezo yasiyozidi mistari mitano. Nikawaambia kuwa nitaisoma historia ya waraka wao.

Kikundi kimoja kiliufanyia waraka ule mabadiliko zaidi ya thelathini. Wa kwanza aliandika kwa ujasiri kuwa rafiki yangu ni kosa la mtaani, na kwamba sarufi inadai rafiki wangu. Wa pili akalifuta hilo, akaweka baba yangu na mama yangu, akauliza kama hayo nayo ni makosa ya mtaani. Wa kwanza akarudi na mume wangu, mke wangu, mtoto wangu, mjomba wangu. Kwa muda ikawa sare. Ndipo wa tatu, binti ambaye darasani hasikiki, akagundua kuwa maneno yote yanayochukua wangu katika orodha ile yanaanza kwa kiambishi cha m-, na yale yanayochukua yangu hayana kiambishi hicho: baba, mama, dada, kaka, shangazi, rafiki. Akaandika kanuni yake kwa mstari mmoja. Kanuni hiyo ilidumu dakika kumi na mbili. Wa nne aliivunja kwa neno moja, daktari: halina kiambishi cha m-, na bado twasema daktari wangu. Akaongeza fundi wangu na seremala wangu. Wakarudi tena, wakaleta jirani yangu na adui yangu, hadi wakafika mahali ambapo umbo la neno peke yake halitoshi, ikabidi waingize maana: maneno yanayomtaja mtu kwa uhusiano wake na mwingine, yakiwa hayana kiambishi, huelekea yangu na zangu, yanayomtaja kwa kazi yake huelekea wangu. Jambo la marafiki zangu na marafiki wangu wakaliacha na alama ya kuuliza, na katika hilo walikuwa waangalifu kuliko baadhi ya vitabu vya kiada ninavyovifahamu.

Mistari waliyoniletea ilikuwa minne. Ningeliisoma hiyo peke yake ningelidhani wameinakili mahali. Lakini historia ya waraka ilinionyesha vichwa vinne vikigongana kwa saa moja na nusu, kila kimoja kikiwa kimebadilishwa na kingine. Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kuwa analoweza mtoto kulifanya leo kwa msaada wa mwingine, kesho ataliweza peke yake. Nilichokiona pale ni zaidi kidogo, kwa sababu hapakuwa na aliyejua zaidi ya wenzake. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ujuzi wa lugha yake, asichojua kuwa anacho, mpaka mwenzake alipokosea.

Hapa nina neno kwa wale wanaoilaumu lugha ya vijana. Majadiliano yote niliyoyaeleza, ya pembeni mwa waraka, yaliandikwa kwa Sheng iliyochanganyika na Kiingereza na Kiswahili cha Pwani, huku maneno mawili matatu ya Kidawida yakipita humo kwa mzaha. Kiswahili sanifu kilitumika katika ile mistari minne peke yake. Wako wenzangu ambao wangeliona hayo wangekasirika. Mimi naona si ajabu. Fikra changa hutembea kwa lugha iliyo karibu, na kumdai mwanafunzi awaze kwa lugha ya gauni na kofia ya mahafali ni kumfanya anyamaze. Tena kazi ngumu na yenye manufaa ilikuwa pale walipolazimika kuyatoa mawazo yale kutoka Sheng na kuyavika Kiswahili ambacho msomaji wa Pemba au Bukavu angekielewa. Hapo ndipo istilahi zilipohitajika, na zikaja zikiwa na kazi ya kufanya. Mwanafunzi anayekariri neno kiambishi kabla hajahitaji kiambishi hulisahau kabla ya Desemba.

Tunalo tukio la kihistoria la kutufunza katika jambo hili, nalo linahusu lugha yetu wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na kwa miaka kadhaa ikategemea watu wachache wa kujitolea. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, waandike makala za Kiswahili katika kamusi elezo hiyo, na washindi wapewe zawadi, ikiwamo tarakilishi ya kupakata. Vijana waliitikia. Makala zilimiminika kwa mamia katika majuma machache. Mashindano yalipokwisha mwanzoni mwa 2010, waandishi walio wengi waliondoka, na wahariri wachache wa kujitolea wakaachiwa kusahihisha makala ambazo baadhi yake zilinuka tafsiri ya mashine. Nadhani sababu ilikuwa wazi. Chombo kilikuwa cha ushirikiano, lakini tuzo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Hapakuwa na zawadi ya aliyerekebisha upatanisho wa kisarufi katika makala ya mwingine, wala ya aliyeuliza habari fulani imetoka wapi. Vijana walifanya kile kilichotuzwa, kama afanyavyo mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu.

Linganisheni na mradi wa Kamusi ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumeiona intaneti kwa macho. Pale watumiaji kutoka nchi mbalimbali walipendekeza maneno na maana, na wahariri wakayakagua kabla ya kuyapitisha. Hapakuwa na tarakilishi ya kushindaniwa. Kilichokuwapo ni mtu wa kukujibu kwamba neno lako lina maana nyingine Tanga, au kwamba mfano wako haukai sawa. Mpenda lugha hahitaji zaidi ya hapo ili arudi kesho.

Mada hii haiwezi kufungwa bila kuitaja akili mnemba, au akili unde kama wengine wetu wa Kenya tunavyoiita. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kikundi cha watano kimepata mwanachama wa sita asiyelala wala kuishiwa na hoja. Sitarefusha. Nitasema tu kwamba mgawanyo wa kazi niliousimulia ndio mlango wake mpana. Ikiwa kila mmoja anakwenda kivyake na kurudi na jibu la kubandika, atalileta la mashine na hakuna atakayemuuliza, kwa kuwa desturi ya kuulizana haikuwapo. Lakini katika kikundi kinachobishania rafiki yangu, jibu la mashine huingia kama jibu la mtu yeyote: linapingwa kwa neno daktari, nalo lijitetee likiweza.

Basi walimu wenzangu, tatizo letu haliko katika simu kadiri lilivyo katika namna tunavyotoa alama. Mtaala wa umilisi unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi, nasi tunaitikia kwa kuwaweka wanafunzi katika vikundi na kuipa karatasi moja alama moja, kana kwamba kukaa pamoja ndiko kushirikiana. Mimi nimeanza kugawa alama kwa namna nyingine. Nusu yake ni ya kazi yenyewe. Robo ni ya yale ambayo kila mwanafunzi ameyabadilisha katika maandishi ya mwenzake, nikiyasoma katika historia ya waraka, na simwadhibu aliyeandika machache ikiwa aliandika yaliyougeuza mjadala. Robo iliyobaki naitoa kwa mdomo: namwita mwanafunzi dakika tatu, namwuliza kuhusu sehemu ambayo hakuiandika yeye. Ni kazi ya kuchosha, sikatai, na kwa darasa la watu mia mbili haiwezekani bila wasaidizi. Vyuo vyetu vinavyosajili mamia katika somo moja vikitaka vikundi vya kweli itavibidi viajiri watu wa kuvisoma. Vilevile nawapa juma zima badala ya siku moja, ili mwenye bando la saa moja Jumanne aweze kumjibu mwenye bando la saa moja Alhamisi. Tangu nianze hivyo, ile desturi ya wote kukurupuka saa tatu usiku imepungua.

Wataniuliza walimu wa shule za upili, na hapa Voi wameshaniuliza, wao watafanyaje, maana simu haziruhusiwi kwa wanafunzi wao na tarakilishi za shule ni chache. Jibu langu ni daftari. Chukueni daftari moja la kurasa themanini kwa wanafunzi wanne, na swali moja lisilogawanyika. Kila mmoja akae nalo siku moja, aandike kwa kalamu ya rangi yake, asifute la mwenzake bali alipigie mstari na kuandika sahihisho juu yake, kisha atie jina na tarehe pambizoni. Likizunguka mara mbili, mwalimu analo mkononi mwake lile ambalo Google huliita historia ya mabadiliko, wala hakulipia bando. Rangi ziwe buluu, nyeusi, kijani na ya penseli. Nyekundu waachieni walimu.